Kumshirikisha kijana kubuni mradi: uchague njia ipi kati ya hizi nne

Karibu kila andiko la mradi linalotoka kwenye asasi zetu siku hizi lina aya inayoahidi kwamba vijana "watashirikishwa katika hatua zote". Mfadhili anaipenda aya hiyo, na bodi haina sababu ya kuipinga. Shughuli huanza fedha zikishaingia, pale afisa mradi anapoambiwa aitekeleze: vijana gani, wakutane wapi, waamue nini, na posho yao itoke fungu lipi. Wengi wetu tukifika hapo tunaangukia kwenye tulichokizoea: ukumbi, maji ya chupa, bango lenye nembo ya mfadhili, na warsha ya siku mbili.

Njia zenyewe, ukiondoa mapambo, ziko nne. Unaweza kuwauliza vijana kisha ukaenda kubuni mwenyewe. Unaweza kuunda kamati yao ya ushauri inayokutana kwa vipindi. Unaweza kuwachukua wachache, ukawalipa, wakabuni huduma pamoja na wafanyakazi wako. Au unaweza kuwaachia usukani, na fedha zikiwemo. Nazilinganisha kwa ajili ya asasi ndogo au ya kati yenye fedha ya mwaka mmoja au miwili, maana ndizo tulizonazo wengi. Mashirika makubwa ya kimataifa yana idara nzima za kushughulikia jambo hili.

Kabla ya kuchagua: ni nini bado hakijaamuliwa?

Chukua andiko lililosainiwa, na kalamu. Pigia mstari kila kitu ambacho hakiwezi kubadilika bila barua kwa mfadhili: kata, idadi ya walengwa, aina ya huduma, mafungu ya bajeti. Kilichobaki bila mstari ndicho kijana anachoweza kukiamua. Mara nyingi hubaki mambo yanayoonekana madogo, kama siku na saa ya huduma, mahali, jina, nani aitoe, mlango uelekee wapi. Si madogo. Binti wa miaka 16 anayeogopa kuonwa na jirani akiingia kituo cha afya, kwake mlango ndiyo huduma yenyewe. Ila mwambie tangu siku ya kwanza kwamba mnazungumzia mlango, na kwamba suala la kituo kuwepo au kutokuwepo limeshapita. Asasi nyingi zinapoteza imani ya vijana hapa: zinauliza "mnataka mradi gani?" huku jibu limeshachapwa na kugongwa mhuri.

Wanaosoma mambo haya watakutajia ngazi ya ushiriki ya mtafiti Roger Hart, iliyochapishwa na UNICEF mwaka 1992. Ina vidato vinane, na vitatu vya chini kabisa alisema havistahili hata kuitwa ushiriki: kuwatumia vijana, kuwafanya mapambo, na kuwaweka kwa jina tu. Kwa kunusa ushirikishwaji wa maonyesho, ngazi hiyo bado inafaa. Vijana waliovalishwa fulana za mradi wakaimba ngonjera mgeni rasmi akiwasili wako kwenye kidato cha pili, na ripoti ya robo mwaka itawahesabu kama washiriki. Tatizo ni kwamba ngazi inamfanya mtu adhani cha juu ndicho bora kila mahali. Kuuliza kwa unyofu ni bora kuliko kamati ya uongo.

Njia ya kwanza: kuwauliza

Majadiliano ya vikundi, dodoso, sanduku la maoni, ujumbe mfupi wa simu. Ni njia ya bei nafuu na inayofikia wengi. U-Report ya UNICEF, iliyoanzia Uganda mwaka 2011, ilijengwa juu ya wazo hilo: kijana anajiandikisha kwa ujumbe usiomgharimu kitu, anatumiwa swali, majibu yanajumlishwa. Ukitaka kujua wangapi wanafahamu kituo kilipo, au saa gani wanaweza kuja, ni vigumu kupata njia yenye kasi zaidi. Ila anayejibu ni mwenye simu. Msichana anayeazima simu ya kaka yake hatajibu humo swali la uzazi wa mpango.

Majadiliano ya vikundi nayo yana ugonjwa wake. Aliyewahi kuyaendesha kwenye ofisi ya kata anaijua hali: viti vya plastiki vimepangwa duara, mtendaji amefungua kikao na hajaondoka, karatasi ya mahudhurio inazunguka, wavulana watatu wanazungumza na wasichana wanaangalia kucha. Ukiuliza kifanyike nini, jibu ni lile lile kutoka Mtwara hadi Kagera: "Elimu itolewe zaidi." Unaandika. Kikao kinafungwa, watu wanasaini nauli, na nje pale kwenye ndoo ya kunawia mikono binti mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba nesi wa zamu ya mchana ni shangazi yake, kwa hiyo hawezi kwenda. Hilo ndilo ulilokuwa unalitafuta, na halimo kwenye kinasa sauti.

Kuongeza maswali hakusaidii. Badilisha mahali na watu: saluni, kijiwe cha bodaboda, baada ya mazoezi ya mpira. Wasichana wakae peke yao, na wa miaka 15 wasichanganywe na wa 24. Mwezeshaji awe kijana aliyefundishwa kazi hiyo, na mtendaji ashukuriwe kwa kufungua kikao kisha asindikizwe mlangoni kwa heshima zote. Badala ya "kifanyike nini", uliza "mara ya mwisho ulipohitaji msaada wa namna hii, ulikwenda wapi?" Halafu urudi kuwaambia kilichobadilika kwa sababu yao, na ambacho hakikuwezekana, na kwa nini. Nauli ya safari hiyo ya kurudi iandikwe kwenye bajeti mapema, kwa sababu mwisho wa mradi huwa haipo.

Njia ya pili: kamati ya ushauri

Wajumbe kumi au kumi na tano, kikao kila robo mwaka, wanasoma mipango yenu na kutoa maoni. Inapendeza kwenye ripoti, na ndiyo ninayoitilia shaka kuliko zote.

Anza na umri. Mkataba wa Vijana wa Afrika uliopitishwa Banjul mwaka 2006 unamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Katiba ya Kenya ya 2010 inaanzia 18 na kuishia kabla ya 35. Kwa hiyo kamati inaweza kuwa halali kabisa, na mwenyekiti wake akawa bwana wa miaka 34, mwenye familia na duka la vifaa vya ujenzi, anayemsemea binti wa kidato cha pili. Kisha tazama wanavyopatikana. Ukimwomba mwalimu mkuu au mtendaji akuletee vijana, atakuletea viranja, na watoto wa wajumbe wa serikali ya mtaa: waliozoea vikao na wanaojua kujieleza. Hawana kosa. Lakini mradi wako huenda haukuandikwa kwa ajili yao. Wakikaa mwaka mmoja wanaanza kuongea kama sisi, "walengwa" na "uendelevu" kila sentensi, na hapo mnakuwa mmejitengenezea mwangwi.

Kamati inafaa kwa asasi iliyodumu, yenye miradi kadhaa, inayotaka jicho la kijana kwenye mambo yasiyoisha na mradi: mpango mkakati, usaili wa wafanyakazi, sera ya ulinzi wa mtoto. Iwekewe ukomo wa kipindi, nafasi za walio nje ya shule na wenye ulemavu zitengwe tangu mwanzo, na liwepo angalau jambo moja ambalo kura yao ndiyo ya mwisho. Hilo la mwisho likikosekana, ni heri msiiunde.

Njia ya tatu: timu ya kubuni

Hapa unachukua kwa muda mfupi vijana sita hadi wanane kutoka kundi lile lile unalotaka kulihudumia, unawaweka meza moja na wafanyakazi wako, na unawalipa. Wanakwenda kuwahoji wenzao. Wanarudi, mnachora huduma namna tatu au nne, mnazijaribu kwa gharama ndogo, mnazitupa zilizoshindwa, mnarekebisha iliyobaki. Kujaribu hakuhitaji jengo. Meza, kanga ya kugawanya chumba, kibao cha karatasi ya manila na siku mbili mtaani vinatosha kuonyesha kama watu wataingia au watapita. Wakipita, mmepoteza siku mbili, na kanga inarudi kwa mwenyewe.

Mfano wa karibu ni Kuwa Mjanja. Ilikuwa sehemu ya Tanzania ya Adolescents 360, mpango ulioanza 2016 chini ya shirika la kimataifa la afya PSI na uliofanya kazi pia Ethiopia na Nigeria, ukiwalenga wasichana wa miaka 15 hadi 19. Swali la wafadhili lilikuwa la uzazi wa mpango. Wasichana walipohojiwa, na timu yenye wabunifu vijana ndani yake, hawakuanzia huko. Walizungumzia kipato, kujitegemea, ndoto zao, na hofu kwamba dawa za uzazi wa mpango zitawazuia kuzaa huko mbele. Huduma iliyobuniwa ikafuata mkondo huo: msichana alialikwa kwenye shughuli yenye mafunzo ya ujuzi wa kujipatia kipato, na humo humo akapewa nafasi ya kukaa faragha na mtoa huduma. Nembo ikawa nanasi, tunda lenye taji kichwani. Sidhani kama jopo la madaktari lingefika kwenye nanasi hata lingekaa mwezi mzima hotelini Bagamoyo.

Sasa upande mwingine, ambao mara nyingi hauwekwi kwenye slaidi. Tathmini huru ya matokeo, ambayo kwa Tanzania ilifanyika Ilemela mkoani Mwanza, haikupata ushahidi kwamba matumizi ya njia za kisasa yalipanda kwa wasichana wa eneo zima kutokana na mradi. Mimi sioni kwamba hilo linaifuta njia hii. Linaonyesha mpaka wake. Kuwavuta wasichana waje ni jambo moja na kusogeza takwimu ya wilaya ni jingine. Ubunifu mzuri unaondoa kizuizi cha mlangoni. Haujazi stoo ya dawa iliyo tupu, haufupishi barabara, wala haumbadilishi mume aliyekataa. Ukiandika kwenye andiko kwamba kwa kuwa vijana wamebuni huduma basi kiashiria cha wilaya kitapanda, unajitegea mtego.

Kinachosumbua zaidi kwenye njia hii ni bangokitita, lile jedwali la malengo na viashiria vya mradi. Mfadhili anataka idadi ya watakaofikiwa kabla hujajua huduma itakuwaje. Zungumza naye mapema akukubalie kipindi cha kubuni ambacho matokeo yake ni huduma iliyojaribiwa, na si vichwa vilivyohesabiwa. Wapo wanaokubali, hasa wakionyeshwa ratiba yenye tarehe ya kuacha kuchora na kuanza kazi.

Pili, mwingize mtoa huduma tangu wiki ya kwanza. Vijana wakiachwa peke yao watabuni huduma ya saa moja usiku, na nesi ana watoto nyumbani. Atasema ndiyo kwenye kikao kwa sababu bosi yupo, kisha wiki ya tatu mlango utakuwa umefungwa. Nimeona mipango mizuri sana ikifia hapo hapo, na lawama zikaenda kwa nesi.

Njia ya nne: kuwaachia usukani

MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare jijini Nairobi, kilianza mwaka 1987 kwa mpira na takataka. Timu ikifanya usafi wa mtaa inapata pointi kwenye ligi. Uongozi uko mikononi mwa vijana wenyewe, wanaochaguana kuanzia ngazi ya mtaa, na wanaojitolea hukusanya pointi zinazowasaidia kulipiwa ada ya shule. Mathare United, timu iliyozaliwa humo, ilichukua ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Anayetaka kusema vijana hawawezi kuendesha kitu aanzie Mathare.

Lakini tazama tarehe: 1987 hadi 2008. Na mwanzoni alikuwepo mtu mzima, Bob Munro, Mkanada aliyekaa nao miaka mingi. Usukani haukabidhiwi kwa mradi wa miezi kumi na miwili.

Kuna namna fupi zaidi ya kukabidhi uamuzi, ambayo ni kukabidhi fungu. Mfuko wa FRIDA, ulioanzishwa 2010 kwa ajili ya vikundi vya wasichana na wanawake vijana, unaviachia vikundi vilivyoomba ruzuku visomeane maombi na kupigiana kura. Asasi ya wilayani inaweza kuiga kwa kiasi chake: tenga sehemu ya bajeti, waite vikundi vya vijana vya kata tatu, kila kimoja kieleze wazo lake, wapige kura, na usikipigie kimoja debe.

Taabu itakuja kwenye hesabu. Kikundi kitanunua chakula kwa mama lishe asiye na mashine ya EFD, na mkaguzi atataka risiti. Katibu aliyejua kila kitu atapata kazi Dodoma na kuondoka na daftari. Mhasibu wako apangiwe siku za kukaa nao, na siku hizo zilipwe kwenye bajeti, la sivyo mwisho wa mwaka utanyang'anya madaraka uliyoyatoa na kuyaita "msaada wa kiufundi".

Ubavu kwa ubavu

Kwa fedha, kuuliza ndiko rahisi, kamati inafuata, timu ya kubuni inakula zaidi muda wa wafanyakazi kuliko shilingi, na kukabidhi usukani kunahitaji fedha ya miaka. Kwa muda, kuuliza kunaweza kuisha ndani ya wiki chache. Timu ya kubuni ipe miezi mitatu. Kamati haina mwisho, na hiyo ni faida na hasara yake.

Pima zaidi ni nani anafika kwa kila njia. Vituo vya vijana vinatufundisha hapa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba vituo hivyo, vilivyojengwa nchi nyingi ili kuwapa vijana huduma za afya ya uzazi, vilitumiwa na wachache, wengi wao wavulana na wenye umri mkubwa kidogo, waliokuja kwa ajili ya michezo na burudani. Meza ya biliadi ilifanya kazi yake, kwa watu wasiokusudiwa. Kamati ina tabia hiyo hiyo ya kuwavuta waliokwisha kufikiwa. Dodoso linawafikia wengi kwa juu juu. Timu ya kubuni ni ya wachache mno, lakini wewe ndiye unayechagua wachache gani: mama wa miaka 17 aliyeacha shule anaweza kukaa humo, mahali ambapo kwenye kamati asingependekezwa na mtu.

Kuhusu malipo sina maneno mawili: walipeni, kwa njia yoyote mtakayochagua. Dereva wa bodaboda anayekaa nanyi kuanzia saa tatu mpaka saa saba bado jioni anadaiwa hesabu ya bosi. Soda na biskuti hazifidii hilo. Ukisema "ni kujitolea", wenye nafasi watabaki na wenye shida wataondoka, kisha utaandika kwamba vijana maskini hawana mwamko. Kwa walio chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 isiyoathiri masomo, kwa hiyo malipo madogo yanawezekana. Pata ridhaa ya mzazi au mlezi, na ya kijana mwenyewe pia.

Tena ile karatasi ya mahudhurio. Kwenye mradi wa afya ya uzazi au wa ukatili wa kijinsia, orodha ya majina na namba za simu inayopita mkono kwa mkono ni siri za watu zinatembea. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya ina yake tangu 2019. Mpe kila mmoja fomu yake asaini peke yake, na zikusanywe na mtu mmoja.

Ningechagua hivi

Kama fedha imeshafungwa na umebaki na miezi sita, uliza, na uulize vizuri. Usiunde kamati ili kufunika kwamba umechelewa.

Kama huduma ni mpya, au ipo na watu hawaji, timu ya kubuni ndiyo chaguo langu la kwanza, hata kwa asasi yenye wafanyakazi watatu. Sita wa kulipwa wanaoijua shida watakupa zaidi ya arobaini wa warsha.

Kamati iache mpaka umeshaendesha timu moja au mbili. Waliotoka humo ndio wajumbe wazuri: wameshaona wazo likikataliwa mtaani na wanajua kuuliza maswali magumu.

Kama kwenye eneo lako tayari kuna kikundi kilicho hai, cha ngoma, cha mpira, cha wasusi, cha wafugaji wa kuku, kipe fedha na mhasibu, ukae pembeni. Usiunde kipya kwa ajili ya mradi. Kikundi kilichozaliwa na bajeti hufa siku ya ripoti ya mwisho, na kiongozi wake atakuwa anakupigia simu miezi sita baadaye akiuliza awamu ya pili inaanza lini.

Na kwenye andiko lijalo, omba miezi mitatu ya mwanzo isiyo na idadi ya walengwa, na malipo ya vijana yasimame kwenye mstari wake wa bajeti, yasifichwe chini ya "viburudisho".